Maswali ya Wasomaji: Kushuka Melini Katika Bandari za Karibiani

Tangu jamaa zetu walioko ughaibuni walipoanza kuwalipia wazazi safari za meli za kitalii, na vijana wetu walipoanza kutafuta kazi katika meli hizo hizo, wasomaji wa Uganda, nchi isiyo na pwani, wametuletea maswali mengi ya bahari. Mwezi huu tumechagua barua nne zinazohusu usalama wa mgeni anayeshuka katika bandari za Karibiani.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa miaka 63, mkazi wa Bweyogerere. Binti yangu anayeishi Marekani amenikatia tiketi ya meli itakayoondoka Miami na kutia nanga Nassau, nchini Bahamas. Tutasafiri pamoja na binti zake wawili, na mkubwa ana miaka 17. Mwanangu wa kiume aliye hapa Kampala amenionyesha kwenye simu tahadhari ya serikali ya Marekani inayosema kuwa Nassau kuna mauaji ya magenge, na anataka nikatae safari au nibaki ndani ya meli siku nzima. Binti yangu anasema hayo ni maneno ya kutisha watu tu. Nimsikilize nani?
*Mama wa Bweyogerere*

Mama yetu, shikamoo, na hongera kwa kupata mtoto anayekukumbuka. Safiri. Lakini kabla ya kufunga mizigo, ongea na wanao wote wawili na msome tahadhari hiyo mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu naona kila mmoja ameisoma nusu.

Kijana wako hakudanganywa. Mnamo Januari 2024 ubalozi wa Marekani ulioko Nassau ulitoa ilani kwamba mauaji 18 yalikuwa yametokea mjini humo tangu mwaka uanze, ukataja visasi vya magenge kuwa chanzo kikuu, na siku chache baadaye serikali hiyo ikahuisha tahadhari yake ya usafiri kwa Bahamas nzima. Ngazi iliyotumika ilikuwa ya 2 kati ya ngazi 4. Ngazi hiyo humtaka msafiri aongeze uangalifu, wala haimwambii asiende. Kwa hiyo anayesema ni vitisho vitupu anakosea, na anayekutaka ujifungie chumbani amekwenda mbali kuliko wenyewe walioandika. Katika mwaka huo huo wageni zaidi ya milioni 9 walifika Bahamas kwa njia ya bahari.

Jambo linalonifanya nikujibu kwa urefu ni kwamba tahadhari hutolewa kwa jina la nchi, ilhali hatari ina mtaa wake na saa yake. Eneo linalotajwa Nassau ni vitongoji vinavyoitwa Over the Hill, kusini mwa Shirley Street, ambako watu wa kawaida wanaishi na kulea watoto wao, na ambako ndiko ugomvi wa magenge umekuwa ukitokea. Meli yenu itatia nanga Prince George Wharf, ukingoni kabisa mwa mji upande wa kaskazini. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zilizoanza kutumika Julai 2004, zinataka eneo la gati lidhibitiwe, na ndiyo sababu mtu asiye na kadi ya meli au kitambulisho cha kazi hawezi kufika mlipo. Ukivuka lango unaingia Bay Street, mtaa wa maduka ambao mchana umejaa abiria kama ninyi. Kupita mtaa huo saa nne asubuhi mkiwa wanne, na kuzurura vichochoro vya kusini baada ya jua kutua, ni safari mbili tofauti hata kama zote zinaitwa Nassau.

Bay Street itawapeleka kwenye Straw Market, soko la vikapu na kofia za ukindu. Humo mkoba ukae kifuani na mkono juu yake, kama unavyopita soko la Owino siku ya Jumamosi, na dhahabu zako zibaki katika sefu ya chumbani. Dola ya Bahamas ina thamani sawa na dola ya Marekani na zote mbili zinapokelewa, lakini omba chenji ya Marekani, kwa kuwa ile ya Bahamas haitakufaa ukishaondoka. Ukitaka kuona kitu cha maana, nenda Queen's Staircase, ngazi zilizochongwa kwenye mwamba na watumwa mwishoni mwa karne ya 18. Utashuka katika korongo jembamba lenye kivuli na kuta ndefu za mawe pande zote mbili, na huenda mtu akaanza kukusimulia historia kabla hujamwomba. Simulizi hiyo mara nyingi ni nzuri, ila anatarajia kulipwa, kwa hiyo ama kubaliana naye bei mwanzoni ama mshukuru kwa heshima na uendelee. Kwa wasusi wa ufukweni ni hivyo hivyo: wengi hutoza kwa kila msuko na si kwa kichwa kizima, na mgeni asiyeuliza hujikuta anadaiwa fedha nyingi akiwa ameshasukwa nusu. Wajukuu wako waulize bei ya kichwa kizima kabla kitana hakijagusa nywele.

Sasa nije kwenye linalonisumbua zaidi, nalo si magenge. Ajali za barabarani na kufa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowaua Wamarekani wakiwa safarini nje ya nchi yao kwa vifo visivyo vya ugonjwa, na sioni kwa nini mgeni kutoka Uganda awe salama zaidi yao, hasa yule ambaye hajawahi kuogelea katika maji ya chumvi yenye mawimbi. Kwa upande wa barabara mna nafuu, kwa sababu Bahamas, Jamaika na Barbados huendesha kushoto kama sisi. Meli ikipita Cozumel nchini Meksiko au Jamhuri ya Dominika, huko ni kulia, na mguu uliozoea Kampala huangalia upande usio sahihi.

Majini mambo ni mazito zaidi. Tarehe 14 Novemba 2023 boti iliyokuwa ikiwapeleka watalii zaidi ya 100 kisiwa cha Blue Lagoon, karibu na Nassau, ilizama mchana kweupe, na mama mmoja mzee akafariki. Sisi tuliozika ndugu wa boti ya MV Templar, iliyozama Ziwa Viktoria upande wa Mukono mnamo Novemba 2018 na kuua watu zaidi ya 30, hatuhitaji kuelezwa. Kabla boti yoyote haijang'oa nanga, kila mmoja wenu avae jaketi la kujiokolea na alifunge mwilini, na kama hayatoshi, shukeni hata kama mmeshalipa. Wajukuu wakiogelea, waogelee penye mlinzi wa ufukwe. Mkondo ukimvuta mtu kuelekea kilindini, asishindane nao. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka autoke, ndipo arudi nchi kavu.

Kuna jambo jingine ambalo huyo binti wa miaka 17 inabidi alisikie kutoka kwako waziwazi. Tahadhari hiyo hiyo inasema kwamba baadhi ya waendeshaji wa pikipiki za majini huko Nassau wamewashambulia kingono wageni wa kike, na serikali ya Marekani imewakataza watumishi wake kukodi pikipiki hizo kwa watu binafsi katika visiwa vya New Providence, ulipo mji wa Nassau, na Paradise Island. Akipewa ofa ya kuzungushwa na mwendeshaji mpaka kisiwa cha jirani, jibu liwe hapana, na asiachwe ajibu peke yake. Najua mazungumzo haya ni magumu kwa bibi na mjukuu, lakini ni afadhali yafanyike Miami, kabla hamjapanda meli.

Kuhusu hati, mwambie binti yako ahakikishe kama viza yako ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikishakwenda Nassau umetoka Marekani, na kurudi Miami ni kuingia upya. Uliza pia masharti ya kila nchi ambako meli itatia nanga. Piga picha ukurasa wa pasipoti na viza, kisha kila mmoja awe nazo kwenye simu yake. Andika pembeni namba ya Ubalozi wa Uganda ulioko Washington, kwa kuwa hutakuta ofisi yetu katika kila kisiwa, na namba ya dharura ya kila nchi, kwani hazifanani: Bahamas ni 919 au 911, polisi wa Jamaika ni 119, na polisi wa Barbados ni 211.

La mwisho kwako ni saa. Saa ya meli huenda ikatofautiana na saa ya bandarini, na simu hujibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Vaa saa ya mkononi, iweke sawa na ya meli, na urudi mapema. Mwezi Machi 2024 meli iitwayo Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane São Tomé, huku kwetu Afrika, baada ya matembezi waliyojipangia wenyewe kuchelewa. Walihangaika nchi kadhaa kabla ya kuifikia tena nchini Senegali. Matembezi yanayouzwa na meli ni ghali, lakini yakichelewa kampuni ndiyo hubeba jukumu la kuwasubiri au kuwafikisha. Kwa msafiri wa umri wako ambaye viza yake ina masharti, ningelipa hiyo tofauti ya bei.

Ndugu Mhariri, nimesikia kuna nguo ambazo haziruhusiwi katika visiwa hivyo. Je, ni kweli? Na cheti cha homa ya manjano kinahitajika?
*Msomaji, Mbarara*

Ni kweli. Barbados, Jamaika, St Lucia, Trinidad na Tobago, na visiwa vingine kadhaa vinakataza raia kuvaa nguo zenye madoadoa ya kombati, iwe kofia, begi au kaptula ya mtoto. Sheria hiyo hutushangaza kidogo sisi Waganda kuliko wageni wengine, maana hata hapa kwetu kuvaa sare ya jeshi bila kibali ni kosa. Cheti cha homa ya manjano kibebe. Uganda imo katika orodha ya nchi zenye maambukizi ya ugonjwa huo, na mataifa mengi ya Karibiani humdai cheti mtu atokaye katika nchi hizo. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, kwa hiyo usikubali kutozwa chanjo ya pili kwa madai kwamba kile cha zamani kimeisha muda.

Hukuniuliza, lakini uwaonye wenzako kuhusu mti uitwao manchineel unaoota kando ya fukwe za huko. Tunda lake linafanana na tufaha dogo la kijani na lina sumu kali, na utomvu wake huchoma ngozi, hata ule unaochuruzika na maji ya mvua. Katika baadhi ya fukwe shina hupakwa rangi nyekundu ili watu wasikae chini yake.

Mheshimiwa, mimi ni mwongozaji watalii hapa Kasese. Kila Marekani au Uingereza inapotoa tahadhari kuhusu Uganda, wageni wanafuta safari na sisi tunalala njaa, hata kama tukio limetokea mbali na tunakofanyia kazi. Nadhani watu wa Karibiani wanaumia vivyo hivyo. Je, si dhuluma kuzitangaza tahadhari hizi katika gazeti letu?
*Mwongozaji, Kasese*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma kwa uchungu, kwa sababu najua unaandika kutoka wapi. Mnamo Oktoba 2023 watalii wawili na Mganda aliyekuwa akiwaongoza waliuawa na waasi wa ADF ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, karibu na mji wako. Aliyekuwa kazini siku ile alikuwa mwenzako. Baada ya hapo wageni walifuta safari hata za kuona sokwe wa milimani kule Bwindi, na waliobaki bila kazi hawakuwa na hatia yoyote.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kutangaza ni dhuluma. Mama wa Bweyogerere ana haki ya kujua kilichoandikwa kuhusu pikipiki za majini. Dhuluma ipo pale tahadhari inapogeuzwa kichwa cha habari, majina ya mitaa yakaondolewa, na nchi nzima ikabaki na jina la mauaji. Wewe unajua kwamba tukio la mpakani mwa Kongo halisemi lolote kuhusu mgeni anayetazama chanzo cha Nile kule Jinja, na ungependa mgeni alijue hilo. Haki hiyo hiyo tuwape watu wa Nassau na wa Falmouth, bandari ya Jamaika.

Tazama yaliyoipata Haiti. Kwenye pwani yake ya kaskazini ipo rasi iitwayo Labadee, iliyozungushiwa uzio, ambayo kampuni ya Royal Caribbean imeikodi tangu miaka ya 1980 ili abiria wake waogelee humo. Iko mbali na mji mkuu wa Port-au-Prince, ambako magenge yameteka mitaa mingi. Lakini machafuko yalipozidi mwezi Machi 2024 kampuni ilisitisha meli zake kutia nanga hapo, na wauza vinyago, wapishi na waendesha boti waliotegemea siku za meli wakabaki wakitazama bahari. Siilaumu kampuni, kwa kuwa ina dhamana ya uhai wa watu maelfu kwa wakati mmoja. Ninachotaka wasomaji wakione ni kwamba gharama ya ukosefu wa usalama humwangukia kwanza mwenyeji, kabla ya mgeni. Waliouawa katika yale mauaji 18 ya Nassau nao wana mama zao, na mama hao hawana meli ya kurudi.

Pengine utauliza, basi mgeni amwamini nani? Amwamini mtu wa kazi yako, mwenye leseni. Kule Jamaika gari halali la abiria lina namba nyekundu, na Barbados namba ya teksi huanza na herufi Z. Mgeni anayepanda gari la namna hiyo, akaafikiana nauli kabla ya kuondoka na kumwachia mwenyeji fedha zake mkononi, amejilinda na amemlisha mtu kwa wakati mmoja. Anayebaki ndani ya uzio wa bandari, akala katika mikahawa ya kampuni na kurudi chumbani, hajamlisha mtu wa mjini.

Shikamoo Mhariri, nina miaka 24, naishi Jinja na nimesomea upishi. Wakala amenipatia kazi katika jiko la meli inayozunguka Karibiani. Anataka nilipe shilingi milioni 9 za kuniunganisha. Pia nimesikia kuwa meli hushika pasipoti za wafanyakazi, na kuwa tukishuka bandarini tunaibiwa. Nifanyeje?
*Kijana wa Jinja*

Marahaba, kijana wangu. Usilipe. Nakuomba hivyo kabla sijaeleza lolote. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, unaofuatwa na mataifa mengi ambako meli za kitalii zimesajiliwa, Bahamas ikiwa mojawapo, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Anachoweza kugharamia mwenyewe ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya, na hata gharama ya viza inapaswa kubebwa na mwenye meli. Nenda Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ukaulize kama wakala huyo ana leseni ya kupeleka watu kazini nje ya nchi. Kisha mtake akupe jina la kampuni ya meli, na uiandikie kampuni hiyo moja kwa moja kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake, si ile aliyokuandikia yeye kwenye karatasi. Kama kazi ipo, watakujibu.

Kuhusu pasipoti, ni kawaida ofisi ya meli kutunza pasipoti za wafanyakazi ili maofisa wa uhamiaji wa kila bandari wazikague pamoja. Hilo peke yake si dalili ya utumwa. Dai uoneshwe zilipo, ujue jina la ofisa anayezitunza, na ubaki na nakala. Kumaliza mkataba au kuacha kazi kukikufikisha mahali ambapo unanyimwa pasipoti yako, hapo ni kosa, na kila baharia ana haki ya kupeleka malalamiko kwa nahodha na kwa wakaguzi wa bandari bila kuadhibiwa.

Kushuka nchi kavu ni haki yako pia chini ya mkataba huo, kwa ajili ya afya yako, na usiiachie kwa kuogopa wezi. Wafanyakazi wa meli wana hatari yao ambayo abiria hawana. Hushuka baada ya zamu wakiwa wamechoka, pengine usiku, na wezi wa bandarini wanajua kuwa baadhi yao wamebeba dola za mshahara za kutuma nyumbani. Shukeni watatu au wanne. Chukua fedha utakazotuma siku hiyo tu, zitume kwanza, ndipo mtembee. Port Everglades, kule Florida, kuna kituo cha mabaharia ambako utapata intaneti na mtu wa kuzungumza naye, na vituo kama hicho vipo katika bandari nyingi duniani. Uliza kila mnakofika.

Jamaika utapewa bangi kabla hujamaliza kuvuka lango. Tangu 2015 kukutwa na kiasi kidogo huko humletea mtu faini badala ya kesi ya jinai, na wauzaji watakwambia ni ruhusa. Meli ina sheria yake: wafanyakazi hupimwa, na anayekutwa nayo hufukuzwa na kurudishwa kwao. Bahamas nako unaweza kukamatwa ukiwa bado gatini.

Ukiumia au ukiibiwa ukiwa nchi kavu, mtafute kwanza wakala wa meli wa bandari hiyo, ambaye jina na simu yake hubandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi kabla ya kushuka, kisha polisi, na udai hati ya polisi yenye tarehe na saa. Bila hati hiyo ni vigumu sana kudai bima. Na kabla hujatia saini mkataba wowote, ututumie nakala yake hapa ofisini baada ya kufuta namba ya pasipoti. Tutaisoma pamoja nawe bila malipo.